Nameza kidonge cha melatonini, usingizi hauji

SWALI

Habari za kazi, washauri. Nina miaka 41, nakaa Tabata na wanangu wawili. Nauza vitenge na madera Kariakoo, na siku hizi wateja wengi wananiagiza kwa WhatsApp. Nafika nyumbani saa 2 usiku, napika, tunakula. Kuanzia saa 4 nakaa sebuleni nafunga mizigo ya watu, napiga picha za mzigo mpya na kujibu meseji mpaka saa 6 au saa 7. Nikipanda kitandani, usingizi hakuna. Nageuka huku na huku mpaka saa 8 usiku. Saa 11 alfajiri alamu inalia, maana gari la shule la mdogo linapita saa 12 kasoro robo. Naamka kichwa kizito, na saa 3 nikiwa kwenye daladala nasinzia mpaka konda ananigutua. Jumapili ndiyo siku ya kulipiza, nalala mpaka saa 5 asubuhi, halafu usiku wake unakuwa mbaya kuliko wote.

Jirani yangu wa dukani aliniambia mwili una homoni yake ya usingizi inaitwa melatonini, na ikipungua mtu halali. Nikanunua kichupa kwa mtu anayeuza mtandaoni, kila kidonge kimeandikwa 10 mg. Nameza kimoja nikishapanda kitandani. Kinachonipata ni ndoto za ajabu, na asubuhi nazidi kuwa mzito. Aliyeniuzia anasema niongeze viwe viwili.

Natumia atenolol 50 mg ya presha, nameza usiku. Mchana nakunywa kahawa ya vikombe vidogo, viwili au vitatu, na saa 11 jioni kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, la sivyo siwezi kufunga duka. Binti yangu mkubwa ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, naye halali kabla ya saa 7 na asubuhi namuamsha kwa kelele. Nataka nimpe nusu kidonge. Kuna ubaya? Na je, homoni hii ikishaisha mwilini inaweza kurudi?

Mama Rahma, Tabata

JIBU

Mama Rahma, pole sana. Tuanze na mawili yasiyongoja: usiongeze kidonge cha pili, na Rahma usimpe hata robo. Sababu zinakuja. La tatu ni la kukutoa hofu: melatonini haijakuisha. Kwa maelezo yako mwili unaitengeneza, ila inachelewa sana kuanza kutoka, na kinachoichelewesha zaidi kiko kwenye dari la sebule yako.

Homoni hii inatoka kwenye tezi ya pineali, iliyo katikati ya ubongo na isiyofika hata sentimita moja. Daktari Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ndio walioitenga mwaka 1958 kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Malighafi yake ni triptofani, sehemu ya protini inayopatikana kwenye maharage, samaki, mayai na maziwa. Mwili huigeuza kuwa serotonini, kisha melatonini. Anayekula mlo wa kawaida hakosi malighafi hiyo, kwa hiyo usihangaike na orodha za vyakula vya usingizi zinazosambazwa kwenye magrupu. Tezi inachosubiri ni giza.

Njia yenyewe iko hivi. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli chache ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga tu. Zina kemikali iitwayo melanopsini, inayonasa zaidi mwanga wa buluu, ule wa urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi. Zikiguswa na mwanga hupeleka taarifa kwenye saa kuu ya mwili, fungu la seli lililo kwenye haipothalamasi, juu kidogo ya pale neva za macho mawili zinapopishana. Kutoka hapo amri hushuka mpaka uti wa mgongo, hupanda tena kupitia fundo la neva lililo shingoni, ndipo huifikia pineali. Mwisho wa safari hiyo neva humwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, juu ya tezi, na tezi huanza kazi. Mwanga ukiingia jichoni usiku, amri hukatika na kiwango cha melatonini kwenye damu huanza kushuka ndani ya dakika chache. Hiyo noradrenalini ikumbuke, tutaihitaji tukifika kwenye dawa yako ya presha.

Kwa mtu aliyezoea kulala saa 4 usiku, melatonini huanza kupanda kama saa 2 usiku, hufika kileleni kati ya saa 8 na saa 10 usiku, na kushuka kuelekea asubuhi. Mchana karibu haimo kwenye damu kabisa.

Lakini hailazi mtu, na hapa ndipo wauzaji wanapowapoteza wengi. Popo na panya nao hutoa melatonini usiku, saa zilezile wanazokuwa macho wakitafuta riziki. Ingekuwa homoni ya kulaza, popo wasingeruka. Kazi yake ni mbiu: inautangazia mwili kwamba usiku umeingia, na kila mnyama hufanya lile analofanya usiku. Kwa binadamu, mishipa ya damu ya mikono na miguu hupanuka, joto la ndani ya mwili hushuka, umakini hulegea. Anayekusukuma ulale hasa ni adenosini, kemikali inayojikusanya kwenye ubongo kadiri unavyokaa macho. Usingizi mzuri huja viwili hivi vikikutana, adenosini ikiwa imejaa na mbiu ikiwa imelia. Wewe adenosini unayo tele, ndiyo maana unasinzia kwenye daladala. Mbiu ndiyo inayochelewa.

Tufanye hesabu yako. Usingizi unakupata saa 8 usiku, kwa hiyo melatonini yako inaanza kupanda kama saa 6 usiku, na kilele chake kinaangukia alfajiri. Alamu ya saa 11 inakukuta wakati damu imejaa melatonini na mwili unaamini ni usiku wa manane. Hapo hata ungelala vizuri ungeamka mzito, na wewe umelala muda wa saa tatu tu. Mtu mzima anahitaji walau saba, na hakuna homoni wala dawa inayogeuza tatu kuwa saba.

Juu ya hapo unaweka kidonge cha 10 mg. Mwili wenyewe kwa usiku mzima hutengeneza kiasi kinachohesabiwa kwa sehemu za elfu za miligramu. Melatonini iliyomezwa hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 40 hadi 60. Ukimeza 10 mg saa 7 usiku, inapofika saa 11 bado kuna mabaki yake kwenye damu, na hayo peke yake yanaweza kuzidi kile ambacho tezi yako ingetoa. Uzito unaouhisi asubuhi sehemu yake ni hiyo. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mabaki hukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu vinapunguza kasi ya kimeng'enya cha ini kinachovunja melatonini. Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja kafeini, kwa hiyo na kahawa yako itakaa zaidi.

Kosa la pili la kidonge ni saa ya kukimeza. Melatonini ikimezwa jioni, saa kadhaa kabla ya ile ya mwilini kuanza kupanda, huivuta saa ya mwili iende mapema. Ikimezwa kuelekea asubuhi, huichelewesha. Ukimeza ukiwa umeshalala kitandani saa 7 usiku, yako mwenyewe imeshaanza kutoka, na hakuna inachosogeza.

Turudi sebuleni, ambako kazi kubwa ndiko iliko. Watu wengi wanalaumu simu na kuisahau tyubu laiti iliyo juu ya vichwa vyao. Mwanga hupimwa kwa laksi. Simu ikiwa imeshikwa umbali wa kawaida hufikisha machoni makumi machache ya laksi. Tyubu nyeupe au balbu kali ya LED kwenye chumba kidogo chenye kuta nyeupe hufikisha laksi 100 hadi 300. Kwa watu wengi, kati ya makumi machache na laksi 100 zinatosha kuzuia nusu ya melatonini, na wapo ambao hata laksi 10 zinawatosha. Wewe unakaa chini ya mwanga huo kuanzia saa 2 mpaka saa 7 usiku, muda wote ambao tezi inasubiri giza.

Chukua boksi la balbu yako uangalie namba iliyoandikwa kwa herufi K. 6500K ni nyeupe inayoelekea buluu, nzuri kwa duka na jikoni mchana. Nunua moja ya 2700K au 3000K, rangi ya njano, ya wati 3 hadi 5, na uiweke kwenye taa ya mezani au soketi iliyo chini ya usawa wa macho ukiwa umekaa. Ikiwa chini, huizuia melatonini kidogo kuliko taa ileile ikiwa darini. Ukimaliza kupika na kula, tuseme saa 3, zima tyubu na uwashe hiyo. Simu punguza mwanga mpaka kiwango cha chini unachoweza kusoma. Ile rangi ya njano ya simu inasaidia kidogo, kupunguza ukali na kuiweka mbali na uso kunasaidia zaidi. Ukienda msalani usiku usiwashe taa ya bafuni, tumia tochi ndogo ukiielekeza sakafuni. Kama unaamka kuswali alfajiri, balbu hiyohiyo ya njano inakutosha.

Kufunga mizigo usiku ni lazima kuhame. Hili ndilo gumu kwako kuliko yote, tunajua, kwa sababu ndiyo riziki. Lakini angalia: gari la shule likishapita saa 12 kasoro robo, una muda wa zaidi ya saa mbili kabla ya kutoka kwenda Kariakoo, na mzigo wa usiku hata hivyo bodaboda anauchukua asubuhi. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya ujumbe wa kujijibu wenyewe. Andika kwamba oda zinazoingia baada ya saa 3 usiku zitajibiwa kuanzia saa 12 asubuhi, na uweke bei na picha za mzigo kwenye katalogi ili mteja asiyekupata aone mwenyewe.

Sasa asubuhi, na hapa kuna mtego. Utasikia ushauri wa kutoka nje mara tu jua linapochomoza. Kwako, kwa sasa, hiyo ni mapema mno. Joto la mwili hufika chini kabisa kama muda wa saa mbili kabla ya pale ambapo ungeamka mwenyewe bila alamu. Mwanga mkali ukiingia kabla ya sehemu hiyo, saa ya mwili inachelewa zaidi. Ukiingia baada yake, saa inavutwa mapema. Wewe unayelala saa 8 usiku ungeamka mwenyewe kama saa 3 asubuhi, basi sehemu yako ya chini iko karibu na saa 1 asubuhi. Kwa hiyo siku za kwanza fungia mizigo ndani kwa taa ya kawaida, na kuanzia saa 1 na nusu hamia barazani kwa dakika 30 hadi 45, bila miwani ya jua. Si lazima kukaa juani. Hata kivulini, hata siku ya mawingu ya masika, nje kuna maelfu ya laksi, wakati ndani ya duka huzipati hata 500. Usilitazame jua lenyewe. Ukiweza kushuka kituo kimoja kabla ya Kariakoo ukatembea, ongeza na hiyo.

Usiku usijaribu kulala saa 4 siku ya kwanza. Muda wa saa mbili tatu kabla ya usingizi wako wa kawaida ndio muda ambao ubongo uko macho kuliko wakati wowote wa jioni, na ukijilaza hapo utageuka huku na huku ukidhani umeshindwa. Anza na saa 7 na nusu. Kila baada ya siku tatu vuta nyuma dakika 30, na kikao chako cha barazani kivute nyuma dakika hizohizo mpaka kifike saa 12 asubuhi, jua linapochomoza, kisha kibaki hapo. Kutoka saa 8 mpaka saa 4 usiku ni hatua nane, wiki tatu na nusu hivi. Ukifika hapo unalala muda wa saa saba kamili kabla ya alamu. Mwezi huo usafiri wa usiku na sherehe za kukesha ziahirishe kama inawezekana, maana usiku mmoja wa taa kali unarudisha nyuma hatua kadhaa.

Jumapili usilale kupita saa 1 na nusu asubuhi. Kulala mpaka saa 5 kunakukosesha mwanga uleule unaokuvuta mapema, na kunamaliza adenosini ambayo ungeihitaji usiku. Ndiyo sababu Jumapili usiku ni mbaya kuliko zote. Ukizidiwa, lala dakika 20 hadi 30 kabla ya saa 9 alasiri, ukiweka alamu.

Kafeini hukaa kwenye viti vya adenosini na kuuzuia ubongo usiuhisi uchovu. Nusu yake hubaki mwilini baada ya muda wa saa tano hivi, kwa hiyo kopo la saa 11 jioni nusu yake bado unayo saa 4 usiku. Tena kafeini ya jioni huichelewesha saa ya mwili yenyewe. Kahawa iishie saa 6 mchana, na kopo liache kabisa. Lipunguze kwa kunywa nusu kwa siku tatu nne kwanza, ukiacha ghafla kichwa kitauma.

Joto la Dar nalo lina lake. Ili usingizi uingie, joto la ndani ya mwili lazima lishuke, na miezi ya Januari mpaka Machi, chini ya bati lililochomwa na jua mchana kutwa, linashuka kwa shida. Oga maji ya uvuguvugu kama saa moja kabla ya kulala, yatapanua mishipa ya ngozi na joto litoke. Feni ielekeze kwenye ubavu wa chandarua, si juu yake, ili upepo upenye, na chandarua usikitoe.

Tumefika kwenye atenolol. Ni dawa ya kundi linaloziba milango ya noradrenalini. Huo ndio ujumbe unaoiamrisha pineali ifanye kazi, kwa hiyo dawa za kundi hili, atenolol, metoprolol na propranolol, hupunguza melatonini ya usiku na kwa baadhi ya watu huleta usingizi mbovu na ndoto nzito. USIIACHE. Kuiacha ghafla kunaweza kupandisha presha na kuushtua moyo vibaya. Unachofanya ni kwenda kwa daktari anayekuandikia, umwambie kwamba unaimeza usiku na usingizi ni shida, umuulize kama inafaa kuihamishia asubuhi au kuibadilisha. Kuna dawa nyingine nyingi za presha zisizogusa njia hiyo. Mwambie pia kuhusu kichupa cha melatonini. Hata dawa utakayobadilishiwa ina maana hapa: wanaotumia nifedipine wameonekana presha ikipanda wakichanganya na melatonini, na wanaotumia warfarini wako kwenye hatari ya kutokwa damu.

Daktari akikubali utumie melatonini kwa muda, dozi ya kusogeza saa ya mwili ni ndogo, nusu miligramu hadi 1 mg, inayomezwa muda wa saa nne kabla ya usingizi wako wa sasa. Kwako ni saa 4 usiku mwanzoni, kisha inarudi nyuma pamoja na usingizi, na ukishatulia kwenye ratiba unaacha. Kidonge chako cha 10 mg hakigawiki mara ishirini, kwa hiyo kichupa hicho hakikufai hata kwa kukata. Na hujui kilichomo. Marekani melatonini inauzwa kama kirutubisho, bila ukaguzi unaofanyiwa dawa, wakati Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari. Uchunguzi uliofanywa Kanada na kutangazwa mwaka 2017 ulipima bidhaa 31 za dukani: nyingine zilikuwa na melatonini pungufu kwa asilimia 83 ya iliyoandikwa, nyingine ilizidi kwa asilimia 478, na nane zilikuwa na serotonini ndani yake. Ukiandikiwa, nunua famasi penye mfamasia, na umuulize kama bidhaa hiyo imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na tafadhali usihamie kwenye Piriton kama wengi wanavyofanya. Ile ni dawa ya mzio, inaleta kusinzia ambako kunaendelea mpaka kesho yake, na mwili huizoea upesi.

Rahma hana ugonjwa. Kuanzia kubalehe, saa ya mwili huchelewa yenyewe, na melatonini ya kijana wa miaka 16 huanza kutoka baadaye kuliko ya mtoto wa miaka 9. Ni maumbile, si uvivu, na kumuamsha kwa kelele hakuisogezi. Anahitaji muda wa saa nane hadi kumi, na hapati hata sita. Macho ya watoto na vijana hupitisha mwanga mwingi zaidi kuliko yetu, kwa hiyo tyubu ya sebuleni inamuumiza kuliko inavyokuumiza wewe. Asome mapema akitoka shule, chini ya taa nzuri, na kuanzia saa 3 usiku naye awe kwenye mwanga wa njano. Simu ilale chumbani kwako, na alamu mnunulie ya mezani. Asubuhi fungua pazia la chumba chake kabla ya kumwita. Kidonge cha kununuliwa mtandaoni kwa kijana anayekua hakina nafasi hapo. Baada ya mwezi kama bado, mpeleke kwa daktari aangaliwe yeye kama yeye.

Kuna jambo moja hukuliandika na tunalihitaji, kwa kuwa una presha. Muulize Rahma kama unakoroma kwa nguvu, kama pumzi inakatika ukiwa usingizini halafu unashtuka kama unayekabwa. Na wewe jiulize kama unaamka na kichwa kinachouma au koo limekauka. Dalili hizo ni za njia ya hewa kuziba wakati wa kulala. Hali hiyo hupandisha presha na kuleta kusinzia mchana hata kwa mtu aliyelala muda wa kutosha, na taa za njano haziitibu. Zikiwepo usisubiri wiki tatu na nusu, nenda hospitali ya Amana au unapotibiwa presha. Chukua daftari lenye siku saba: saa uliyopanda kitandani, saa unayokadiria ulilala, saa uliyoamka, kahawa ya mwisho ilikuwa saa ngapi, atenolol uliimeza saa ngapi, na presha yako ya asubuhi kama una kipimo. Chukua na kichupa chenyewe, lebo ikiwa juu yake.